Nyumba Iliyoota Kwenye Bustani ya Leona

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya ziara ya nyumba za kale, Leona Behrens alitoka chumbani na kandambili zake kwenda kubandika kahawa, akashusha mguu mlangoni pa jikoni na sakafu haikuwepo. Alitua kwenye udongo mkavu, si mbali sana, kama mtu aliyekosea daraja moja la ngazi. Jiko la gesi lilikuwa limesimama upande juu ya tofali. Jokofu lilikuwa limeegemea ukuta kama mlevi aliyechoka. Paka wa jirani, ambaye siku zote alilala kwenye uvungu wa chini ya sakafu ile, alimtazama kwa jicho moja na kurudi usingizini.

Leona alijikung'uta vumbi, akashika sinki lililokuwa bado linaning'inia ukutani, akachungulia dirishani aone kama kuna mtu wa kumwita. Ndipo alipoiona nyumba. Ilikuwa imesimama katikati ya nyanya zake.

Ilikuwa nyumba ya Jumapili kama nyingine zote za Mtaa wa Kanisa: chumba kimoja na nusu, kibaraza mbele, na ngazi ya nje ya kupandia darini, walikokuwa wakilala vijana wa kiume. Wazee wa Altenau, Wajerumani waliovuka bahari wakaanzisha mji huu, walikuwa na mashamba na mbuzi wao huko vilimani, na mjini kila ukoo ulikuwa na kijumba cha namna hii cha kufikia Jumamosi, wafanye manunuzi, wacheze dansi, waamkie kanisani. Nyumba anayoishi Leona ilianza hivyo hivyo. Ilikuwa ya bibi yake, Meta, ikaongezewa vyumba kwa nyuma, na jiko likawa la mwisho.

Alizunguka nje na gauni lake la kulalia, akapanda kibaraza cha nyumba mpya, ambayo haikuwa mpya hata kidogo, akasukuma mlango. Ndani palinuka majivu na sabuni ya kufulia. Alitazama chini. Ilikuwa sakafu yake. Aliitambua kwa alama nyeusi ya pasi aliyoiangusha akiwa na mimba ya kwanza, na kwa ubao unaolia karibu na dirisha.

"Kumbe ulikuwa wa hapa," aliuambia ule ubao.

Alisema kwa Kijerumani cha vilimani, kile walichokuja nacho wazee na kukichanganya kwa vizazi na maneno ya mbuzi na ukame, hata mtu akitoka Ujerumani kwenyewe anabaki kukuna kichwa. Mjini Altenau walikuwa wamebaki wachache sana wanaokisema. Mumewe Alvin alikuwa mmoja wao, na tangu azikwe Leona alikuwa akizungumza na picha yake asubuhi na nyanya zake jioni. Watu walijua. Kwenye sherehe za mji walimpa kipaza sauti aseme sala, wote wakatoa machozi bila kuelewa kitu.

Alirudi ndani kwa kuruka, akampigia simu shoga yake Gladys Ottmers.

"Gladys, una sakafu?"

"Sakafu ninayo. Sina mlango wa stoo. Nimeamka panya wananitazama na mimi nawatazama."

"Mlango wako uko huku kwangu."

"Uko upande gani?"

"Mbele. Kumbe ndio mlango wa mbele."

"Basi usiubamize, mwenzangu. Bawaba zake hazipendi."

Kabla jua halijapanda sana, Altenau nzima ilikuwa kwenye bustani ya Leona, na kwa kuwa mtu wa Altenau haendi kwa mtu mikono mitupu, hata msibani, hata kwenye ugomvi, meza ya nje ilijaa soseji za moshi, saladi ya viazi, kabichi chachu, na keki ya pichi iliyokuwa bado moto. Watu walikula wamesimama. Kila mmoja alikuwa akipita pembeni ya nyumba taratibu, macho yakitafuta, na akishakipata chake anatazama mawingu. Mzee wa duka la mbegu aliyaona mawe ya tanuri lake la kuchomea nyama yakiwa ndiyo dohani ya kutolea moshi. Dada wawili wa Mtaa wa Kinu waliliona kabati lao la vyombo, sasa likiwa ngazi. Darrell Kott, mwenyekiti wa Chama cha Urithi, mwenye nyumba ya wageni inayosifiwa mpaka Dallas, alilikuta jiwe la kizingiti chake likiwa mbele ya kibaraza. Wageni wake walikuwa wameamka wakiruka kama mbuzi kutoka mlangoni. Darrell alilivuka lile jiwe kwa hatua ndefu, asilikanyage, akasifu saladi ya viazi.

Hakuna aliyeuliza nyumba imefikaje. Waliulizana tu kama duka la vifaa bado lina mbao. Kufikia adhuhuri halikuwa na hata ubao mmoja, wala bawaba, na mwenye duka alikuwa akichukua oda.

Aliyeuliza alikuwa Mchungaji Kyle. Huyu alikuwa kijana wa kutoka kaskazini, mwaka wake wa pili Altenau, mtu mzuri, anayedhani kila kitu kikiulizwa kwa tabasamu kitajibiwa. Mimbari yake haikuonekana kanisani tangu alfajiri. Alikuwa ameikuta hapa, imegeuka kuwa kitanda cha mtoto.

"Jamani," alisema, sahani mkononi, "nyumba yenyewe ilikuwa ya nani?"

Watu wakakumbuka kutafuna. Gladys alimwongezea soseji.

"Kula, baba mchungaji," alisema. "Umekonda tangu uje huku, mama yako atatusema."

Mchana kamati ya ziara ilikutana sebuleni kwa Leona, ambako sakafu ilikuwa ya kwao wenyewe. Jambo lilikuwa moja. Ziara ni kesho, mabasi ya wageni yameshalipiwa, na nyumba imesimama mahali ambapo kila mgeni ataiona. Sasa, Altenau ina utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaoitofautisha na miji mingine ya vilimani inayoajiri wasichana wa chuo na kuwavika magauni ya kukodi. Siku ya ziara, kila nyumba ya Jumapili hufunguliwa na mtu wa damu ya nyumba hiyo. Yeye ndiye husimama mlangoni na kusema nani alijenga, nani alizaliwa darini, na yeye ndiye humimina kahawa. Mtu baki hamimini. Kuna mwaka ukoo mmoja ulikosa mtu, nyumba ikabaki imefungwa, wageni wakaipiga picha madirisha.

"Tuifunge basi," alisema Leona.

"Inatoa moshi, Leona," alisema Darrell. "Nyumba inayotoa moshi utaifungaje? Watagonga." Alikunja mikono juu ya tumbo. "Iko kwenye kiwanja chako. Kiwanja ni chako kwa hati. Ya nani tena? Wewe fungua."

"Si yetu, Darrell."

"Ni ya nani, sasa?"

Gladys alitazama ndani ya kikombe chake. Dada wa Mtaa wa Kinu waliangaliana. Mchungaji Kyle alimgeukia Darrell, kisha Leona, akingoja kama mtu anayesubiri basi asilojua ratiba yake. Lile jibu kila mzee mle ndani alikuwa nalo, limekaa tayari mdomoni, na ndiyo maana hakuna aliyefungua mdomo.

Ilikuwa nyumba ya Prince Gaines na mkewe Hester.

Leona alisimuliwa na bibi yake wakimenya pichi, miaka hiyo akiwa bado na mikia miwili ya nywele. Alisimuliwa kwa Kijerumani cha vilimani, kwa sababu Meta aliona mambo hayo Kiingereza hakina haja ya kuyajua. Gaines walikuwa watu weusi wenye shamba ng'ambo ya kijito, mbuzi wengi, na nyumba ya Jumapili mjini kama kila mtu. Walikisema Kijerumani kama kila mtu, maana wazazi wao waliwekwa kufanya kazi kwenye mashamba ya Wajerumani enzi za utumwa, kwa kukodishwa na mabwana wao wa mbali, na ndiyo maana mpaka leo Altenau inajisifu kwamba wazee wake hawakumiliki mtumwa hata mmoja. Prince alikuwa na sauti nzito ya besi ambayo Chama cha Waimbaji hakikuwa nayo. Katiba ya chama haikumruhusu kuingia ukumbini, basi siku za mazoezi mwalimu alifungua dirisha, Prince akasimama nje kwenye majani, besi ikaingia peke yake. Mwaka waliopata kikombe cha mashindano ya vilimani, besi iliyosifiwa ni ile.

Kisha ukaja ule mwaka wa ukame, kabla ya vita vya kwanza vya dunia, watu wakaanza kuhesabiana. Kibao kikawekwa mwisho wa mji, kwamba jua lisitue mtu mweusi akiwa bado humu. Jumamosi moja mchana wanaume wakaenda kwa Gaines, kofia mkononi, wakawaambia waondoke kabla jua halijatua. Walisema tafadhali. Meta alisisitiza hilo, walisema tafadhali. Yeye alikuwa jirani na rafiki. Alimsaidia Hester kufunga mizigo, akampa keki ya njiani, na Hester alimwachia ufunguo akamwambia, niangalizie nyumba, Meta. Meta akasema ataiangalia.

Akaiangalia. Kipupwe kile mtu akaja kuomba ubao mmoja, Meta akaona ubao mmoja si kitu. Mwingine akaomba mlango. Kanisa lilikuwa linajengwa upya. Hakuna aliyeiba, watu wa Altenau hawaibi; kila mmoja aligonga na kuomba kwa adabu, na aliyeombwa hakuwa na moyo wa kumnyima jirani. Sakafu ikabaki ya mwisho. Meta akaona itaoza bure kwa mvua, akaiingiza jikoni kwake. Halafu pale ilipokuwa nyumba akapanda nyanya.

"Nitafungua," alisema Leona. Darrell alishusha pumzi, akaomba keki nyingine.

Jumamosi ilikuwa na jua la kupendeza, maua ya buluu yamejaa kando ya barabara, na mabasi yalifika mapema. Leona alivaa gauni la bibi yake, akasimama kwenye kibaraza. Kundi la kwanza alilikaribisha kwa maneno yale yale ya kila mwaka, akiyahamisha tu kutoka nyumba ile kwenda hii. Alisema wazee walijenga kwa mikono yao. Alisema watu wa hapa hawakumiliki mtumwa hata mmoja. Ubao wa karibu na dirisha ulilia kila alipousogelea, akawa anauzunguka.

Wageni waliipenda nyumba ile kupita zote. Walisema ina uhai. Jiko la kuni lilikuwa limewaka lenyewe na haliongezwi kuni, kahawa haikuisha kwenye birika, na kitanda cha mtoto kikawa kinabembea polepole pembeni.

"Mmefanyaje hicho?" aliuliza bwana mmoja wa Houston.

"Upepo," alisema Leona.

Gladys alikuwa anamsaidia kukata keki, na hakutaka kuwa mbali na mlango wake. Mchungaji Kyle alipitia mara moja, akaweka kidole juu ya kitanda kikatulia, akakiondoa kikaendelea.

Karibu na saa tisa liliingia kundi la kina mama wa kanisa moja la San Antonio, watu weusi wengi wao, wamevaa kofia nzuri, wamechangamka, wanataniana kuhusu soseji walizokula. Wawili walibaki nyuma wakiitazama ngazi ya nje. Mmoja alikuwa mwembamba mrefu, rika la Leona. Mwenzake mnene alikuwa anajipepea kwa ramani ya ziara.

"Maxine, ona ngazi," alisema mrefu.

"Naiona. Kama unataka nikupandie hiyo na magoti haya, utanizika huku kwa Wajerumani."

"Mama alisema ngazi ilikuwa nje."

"Mama alisema mengi, Odessa. Alisema pia baba yetu ana sura nzuri."

Wakaingia wakicheka. Yule Odessa aliacha kucheka alipokanyaga sakafu. Hakutazama kabati wala picha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mtoto, kikaacha kubembea kabla hajakigusa, kama mtu anayekatisha maneno mgeni muhimu anapoingia.

Leona alimimina kahawa. Mkono wake ulikuwa umetulia, ulishazoea.

"Karibu, mama. Maziwa?"

"Hapana, asante." Odessa alikipokea kikombe. "Yule kijana wa kwenye basi ametuambia nyumba hizi zinafunguliwa na wenyewe. Watu wa damu."

"Ndiyo utaratibu wetu."

"Utaratibu mzuri huo. Kwa hiyo hapa wenyewe ni nani?"

Kina mama walikuwa wameanza kugeuka mmoja mmoja. Gladys alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake mmoja juu ya mlango, anaukandakanda bila kujijua. Darrell alikuwa ameingia na kundi jingine, akasimama nyuma, na akatikisa kichwa kidogo sana, jinsi mtu anavyomwashiria mpishi kwamba chumvi imetosha.

"Ni sisi," alisema Leona.

Odessa aliweka kikombe mezani. Alimtazama muda, bila hasira, kama anayesoma maandishi madogo. Halafu alisema, kwa Kijerumani cha vilimani, taratibu, maneno yakitoka moja moja kama mtu anayeshuka ngazi gizani lakini anaijua:

"Bibi yangu alisema Meta ataiangalia nyumba. Meta ni wako?"

Ilikuwa ni lugha ya Alvin. Irabu zile zile zilizolala, neno la nyumba likivutwa mwishoni kama wanavyolivuta Altenau tu, hata mji wa pili hawalivuti hivyo. Tangu amzike mumewe Leona hakuwa ameulizwa swali kwa lugha ile. Alihisi jibu likimpanda kooni, zima, na nyuma yake maneno mengine mengi yakisukumana: kwamba ndiyo, Meta ni wake, kwamba keki, kwamba ufunguo, kwamba nani alikufundisha, ni mama yako, kaa, kaa chini unieleze yote, nimekaa sana bila mtu. Macho yake yalimpitia Gladys, mlango, Darrell, mawe ya dohani, kitanda kilichokuwa mimbari.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza. "Sielewi."

"Huelewi?"

"Ni lugha ya wazee, mama. Ilishakufa huku."

"Ahaa," alisema Odessa.

Maxine alikuwa ameacha kujipepea. "Dada, twende zetu. Hewa ni nzito humu."

Leona alikata kipande kikubwa cha keki, kikubwa kuliko vyote alivyokata siku ile, akaanza kukikunja kwenye karatasi ya foili. Vidole vyake vilifanya haraka. "Angalau niwafungie ya njiani. Safari ni ndefu."

"Sikuja kuomba keki," alisema Odessa.

Lakini Maxine aliichukua, kwa sababu ilikuwa keki ya pichi na yeye hakuwa amegombana na mtu.

Wengi walidhani nyumba itaondoka Jumapili, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba zile enzi zake, kubaki tupu wenyewe wakirudi shambani. Haikuondoka. Jumatatu ilikuwepo, na Jumatano nyanya zilizobaki zikaanza kukipanda kibaraza chake. Kamati ilikutana, ikaipigia kura, ikaipa kibao cha shaba: *Nyumba ya Pili ya Meta*. Mchungaji Kyle alijizuia kupiga kura. Alitengenezewa mimbari ya mwerezi, nzuri kuliko ile ya kwanza, ila akihubiri hapo sauti yake ilitoka nyembamba na hakuna fundi aliyejua kwa nini. Gladys alinunua mlango wa kiwandani, mweupe. Leona aliwekewa jikoni sakafu ya vigae vinavyofutika kirahisi. Watu waliposema sasa hivi jiko lako limependeza, alisema asante.

Kwa muda Darrell aliogopa kwamba yule mama wa San Antonio atakuja na wakili. Hakuja na wakili. Hilo liliwapa watu nafuu mwanzoni, kisha likawakera kidogo, kwa jinsi ambayo hawakuweza kumwambia mtu.

Kilichomtokea Leona kilitokea bila kelele. Asubuhi moja alisimama mbele ya picha ya Alvin amwambie habari za asubuhi, na neno halikuwepo. Alishusha ulimi mahali pake na palikuwa patupu. Alijaribu neno la mkate, la mbuzi, la mvua. Alijaribu sala. Vyote vilikuwa vimeondoka usiku mmoja, vimeacha Kiingereza peke yake, kimesimama upande kama lile jiko la gesi. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akafikiri ni nani aliyemfundisha Meta ile lugha ya kubembelezea watoto, zile nyimbo za jikoni, na maneno mazuri ya kukanda unga. Alivyojua, ni jirani, Hester. Basi nayo ilikuwa imerudi kwa mwenyewe.

Alipokwenda kuifagia ile nyumba aliikuta inazungumza. Hazikuwa sauti za mtu fulani, wala hapakuwa na mtu. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya chumbani, ya watu wawili wanaofanya kazi zao huku wanasemezana, na sauti nyingine, nzito, ikitokea upande wa dirishani, nje. Lugha aliitambua kuwa ni Kijerumani cha vilimani kwa jinsi inavyopanda na kulala. Neno hata moja hakulipata.

"Wanasema nini?" aliuliza Gladys, ambaye kwa lugha ile aliwahi kujua matusi tu.

"Mambo ya kawaida," alisema Leona.

Vuli ilipofika Odessa alirudi, peke yake, na gari lake, siku ambayo si ya ziara. Hakubisha hodi kwa Leona. Alikaa kwenye ngazi ya nje ya ile nyumba, mkoba magotini, akasikiliza. Baada ya muda akajibu kitu. Akajibiwa. Leona alisimama kwenye vigae vyake vipya akimtazama kupitia dirisha la jikoni, na akaona jinsi Odessa alivyokuwa akibabaika maneno mwanzoni, akisahihishwa, akirudia, na jua lilipoanza kushuka alikuwa anaongea kwa mikono miwili. Mara moja alicheka mpaka akaondoa miwani kuifuta. Sauti ile nzito ya nje ya dirisha ilicheka naye, na glasi zilitetemeka kabatini mwa Leona.

Leona alibandika kahawa, akaipeleka. Ndivyo ambavyo angefanya kwa yeyote. Odessa alipokea, akasogea kidogo kwenye ngazi, ingawa hakusema kaa, na Leona hakukaa.

Ndani mtu alisema kitu kirefu. Lilisikika jina la Meta, na baada yake, waziwazi, la Leona. Odessa alisikiliza mpaka mwisho, akipuliza kikombe.

"Umesikia hiyo?" aliuliza kwa Kiingereza.

Leona alishika aproni yake. Ilikuwa rahisi sana. Angesema, nilikielewa na sasa sikielewi, niambie. Ila hapo angelazimika kukiri na ule uongo wa kwanza, wa siku ya ziara.

"Sikuwa nasikiliza," alisema.

"Umetajwa."

"Kwa wema?"

Odessa alimtazama tena kwa yale macho ya kusoma maandishi madogo.

"Umetajwa tu," alisema. Akamaliza kahawa, akashukuru, akasema ni nzuri. Kisha akaaga ndani, kwa maneno mengi, akafunga mlango taratibu asiubamize, kama aliyeambiwa, akaondoka.

Tangu hapo huja anapotaka. Watu wa Altenau humpungia mkono, naye huwapungia. Kuna wanaosema amefanana na mji sasa, na wanaosema vile wanadhani ni sifa. Kiwanja ni cha Leona kwa hati.

Ziara iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko zote. Darrell alikuwa ameweka kwenye matangazo kwamba Altenau kuna nyumba ambamo lugha ya wazee bado inasikika, na mabasi yaliegeshwa mpaka makaburini. Leona alisimama mlangoni na gauni la bibi yake, birika mkononi. Walikuwepo watu wa Dallas, bibi na bwana, na wengine nyuma yao wakisukumana wapate kusikia. Ndani sauti ya mwanamke ilikuwa inasema jambo moja, inalirudia, bila kupaza, kwa subira ya mtu anayemsemesha aliyesimama karibu naye kabisa.

"Inapendeza ajabu," alinong'ona yule bibi wa Dallas. "Wanasema nini?"

Leona aliinamisha kichwa, akatega sikio vizuri, kama ilivyompasa mwenye nyumba.

"Wanawakaribisha," alisema. "Wanasema piteni ndani, jisikieni mko kwenu."

Wageni wakajifuta miguu, wakaingia.